Nyamata Hakuachika: Ndoa, Deni na Upendo Uliopotea katika Visakale vya Wachwezi

Ikisiri

Visakale vya Wachwezi, vinavyosimuliwa katika eneo la Maziwa Makuu kuanzia Bunyoro hadi Karagwe, vimesomwa zaidi na wanahistoria kama hati za uhalali wa tawala kuliko vilivyosomwa na wahakiki kama kazi za fasihi. Makala haya yanakihakiki kisa cha Isaza na Nyamata pamoja na kile cha Isimbwa na Nyinamwiru kama masimulizi ya ndoa na upendo uliopotea. Hoja kuu ni kwamba kinachopotea katika visakale hivi si hisia ya mtu mmoja kwa mwingine bali ni uhusiano wa kupokea na kurejesha, na kwamba ndoa ndiyo sehemu ambayo kasoro ya uhusiano huo hufichuka. Uchambuzi unazingatia maumbo ya majina, kauli za vitenzi vya ndoa na muundo wa visa, kisha unalinganisha visakale hivyo na tendi na riwaya ya Kiswahili pamoja na hekaya za mahaba za zama za kati.

1.0 Utangulizi

Kata ya Bugomora imo katika Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kupakana na Uganda upande wa kaskazini na Rwanda upande wa magharibi. Kwa mtazamo wa ramani ya utawala, hapo ni pembezoni mwa Tanzania. Kwa mtazamo wa lugha na masimulizi, hapo ni katikati. Runyambo, lugha ya wenyeji, imo katika kundi moja na Kihaya, Runyankore, Rukiga na Runyoro, kundi ambalo wanaisimu wameliita Rutara. Ukaribu huo wa lugha ndio uliowezesha visa vya Isaza, Ndahura, Wamara na Ruhinda kuvuka mito na mipaka bila kuhitaji mkalimani. Msomaji wa Bugomora hahitaji kuchagua kama visa hivi ni vya Uganda au vya Tanzania, kwa kuwa vilikuwapo kabla ya mipaka hiyo kuchorwa.

Hata hivyo, katika uhakiki wa Kiswahili visa hivi vina nafasi finyu. Vikitajwa, hutajwa chini ya kichwa cha visasili au visakale kama mifano ya utanzu, kisha mhakiki hupita. Wanahistoria wamevishughulikia kwa kina zaidi, lakini swali lao limekuwa lingine: je, Wachwezi walikuwapo? Wapo waliohusisha visa hivi na mabaki ya kale ya Ntusi na Bigo, ambayo kwa jumla huwekwa kati ya karne ya 11 na ya 16, na wapo waliofuata mkondo wa Christopher Wrigley, ambaye mwaka 1958 alitilia shaka usomaji wa kihistoria na kuwaona Wachwezi kuwa zaidi ni miungu kuliko wafalme. Mjadala huo una thamani yake. Ila pande zote mbili zimeafikiana kimyakimya juu ya jambo moja: kwamba ndoa zilizomo katika visa hivi ni gundi tu ya nasaba, njia ya kumuunganisha mfalme wa kale na mfalme wa baadaye.

Makala haya yanalipinga wazo hilo. Kama lengo la msimulizi lingekuwa kuunganisha nasaba peke yake, ndoa yenye heri ingetosha. Kwa nini basi kila kiungo cha nasaba hii ni ndoa iliyovunjika, penzi la siri au mwanamke aliyeachwa nyuma? Swali hilo ni la kifasihi, na ndilo linaloongoza uhakiki huu.

2.0 Matini na Mipaka Yake

Matini zilizoandikwa za visakale hivi zina umri usiozidi sana karne moja. Ruth Fisher alichapisha masimulizi ya Bunyoro na Toro kwa Kiingereza mwaka 1911. Petero Bikunya alifuatia kwa Runyoro mwaka 1927. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Mfalme Tito Winyi wa Bunyoro alichapisha nasaba ya wafalme katika Uganda Journal kwa jina la kalamu K.W., na John Nyakatura akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1947. Kwa upande wa Karagwe, kazi ya Israel Katoke ya mwaka 1975 ndiyo iliyokusanya kwa mapana historia ya ufalme huo na masimulizi yake.

Orodha hii inaonesha mambo mawili. Kwanza, matini nyingi ziliandikwa na watu wa jumba la kifalme au walio karibu nalo, tena katika kipindi cha ukoloni ambapo urefu wa nasaba ulikuwa hoja ya kisiasa mbele ya watawala wa Kiingereza. Pili, waandishi wengi walikuwa wanaume. Sauti ya Nyamata inatufikia ikiwa imechujwa mara mbili. Mhakiki anapaswa kulikumbuka hilo, si ili akate tamaa, bali ili apime kwa makini kile kilichosalia baada ya mchujo. Ikiwa mwandishi aliyetaka kuutukuza utawala hakuweza kulifuta kosa la mfalme katika ndoa yake, basi kosa hilo lilikuwa nguzo ya kisa, na kulitoa kungekibomoa chote.

Istilahi nayo inahitaji tahadhari. Tunaposema "hekaya za mahaba za zama za kati" tunaazima kipimo cha Ulaya ya Tristan na Iseult, au cha Uajemi ya Nizami, aliyemtungia Layla na Majnun utenzi mnamo mwaka 1188. Dhana ya mahaba ya kiungwana yenyewe haikupata jina lake la kitaaluma hadi Gaston Paris alipolitumia mwaka 1883. Kwa hiyo hatutauliza kama Wachwezi walikuwa na mahaba ya namna hiyo. Tutauliza visa vyao vinasema nini kuhusu kupenda, na ndipo tulinganishe.

3.0 Isaza na Nyamata: Ndoa Iliyotanguliwa na Hila

Muhtasari wa kisa ni huu. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anamtumia Isaza, mfalme wa Watembuzi, mjumbe mwenye mafumbo. Wazee wa baraza wanashindwa kuyafumbua. Anayeyafumbua ni Kazana, mtumishi wa kike wa jumbani. Baada ya hapo Nyamiyonga anaomba undugu wa kuchanjiana, ule unaofungwa kwa damu na buni. Isaza anaogopa kufunga udugu na mtu asiyemjua, naye anamweka Bukuku, mlinzi wa lango lake, aufunge kwa niaba yake. Nyamiyonga anapogundua kwamba damu yake imechanganywa na ya mtumishi, anakasirika. Hapo ndipo anapomtuma binti yake Nyamata, mzuri kupita kiasi, aende kwa Isaza bila kufichua asili yake. Isaza anamwoa. Nyamata anabaini kwamba moyo wa mumewe uko kwa ng'ombe kuliko kwake. Akiwa mjamzito anarudi kwao, na huko anamzaa Isimbwa. Nyamiyonga, akiwa sasa anajua udhaifu wa mkwewe, anatuma ng'ombe wazuri wajichanganye na kundi la Isaza. Ng'ombe hao wanapotoroka, Isaza anawafuata hadi kuzimu, na harudi tena. Bukuku, mlinzi wa lango, anabaki na kiti.

3.1 Fumbo kama utabiri wa ndoa

Mafumbo ya Nyamiyonga kwa kawaida husomwa kama kipimo cha akili, kama yale ya ngano nyingine nyingi. Mojawapo linauliza ni kitu gani kinachomfanya Isaza ageuke nyuma. Jibu ni ndama: anapolia, mfalme anageuza kichwa. Katika mpangilio wa kisa, fumbo hili linakuja kabla Nyamata hajatajwa. Jibu lake limekwisha kutoa hukumu ya ndoa ambayo bado haijafungwa. Nyamata atakaa mbele ya mume ambaye shingo yake inageukia zizi.

La kuzingatia zaidi ni nani aliyelifumbua. Wazee wa baraza hawakujua kinachomgeuza mfalme wao. Mtumishi wa kike alijua, kwa sababu ndiye anayemwona kila siku akiwa nyumbani na si akiwa barazani. Kisa kinaanza kwa mwanamke anayemjua Isaza na kuendelea kwa mwanamke anayekuja kumjua. Kati ya hao wawili, Isaza hajui kuwa anajulikana. Hapa kisakale kinatoa kauli kuhusu maarifa na mamlaka ambayo usomaji wa kinasaba hauna mahali pa kuiweka.

3.2 Jina la bibi harusi

Kiumbo, jina Nyamata linaweza kuchanganuliwa kuwa kiambishi nya-, kinachojitokeza katika majina mengi ya eneo hili, na shina mata, lile lile la amata, yaani "maziwa", katika lugha za Rutara. Kama uchanganuzi huu unakubalika, basi Nyamiyonga alimpelekea mfugaji mke ambaye jina lake ni maziwa. Isaza aliyatafuta malishoni yale aliyokuwa nayo nyumbani.

Kinaya hiki hakionekani katika tafsiri. Msomaji wa Kiswahili analipokea Nyamata kama jina tupu, na kwake tofauti kati ya mke na ng'ombe ni ya wazi, hivyo Isaza anaonekana mpumbavu tu. Kwa msikilizaji wa Runyambo au Runyoro, kosa la Isaza ni la hila zaidi. Hakuchagua kati ya vitu viwili vilivyo mbali. Alishindwa kuona kwamba kile alichokipenda katika ng'ombe, yaani maziwa na uhai unaoendelea kupitia maziwa, kilikuwa kimekuja kwake kwa umbo la mtu. Kosa lake ni la kutofahamu, na kutofahamu huko kunalingana na woga wake wa awali, pale alipokataa kuchanganya damu na mgeni. Mara zote mbili alipewa uhusiano, na mara zote mbili akatazama kando.

3.3 Vitenzi vya ndoa

Sarufi ya Kiswahili inamgawia mwanamume na mwanamke nafasi tofauti katika ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi huoza. Ndoa inapovunjika, kwa mazoea mwanamume huacha, na mwanamke huachwa au huachika. Kauli ya kutenda ni ya mume, ilhali ya kutendwa na ya kutendeka ni za mke. Lugha za Rutara nazo zina mgawanyo wa aina hiyo katika kitenzi cha kuoa.

Kisa cha Nyamata kinaupindua mgawanyo huo bila kuitangaza nia hiyo. Kimuundo, anaozwa na kuolewa kama sarufi inavyotaka. Lakini baada ya hapo vitenzi vyote vyenye uzito ni vyake, na vyote viko katika kauli ya kutenda: anachunguza, anabaini, anaondoka, anazaa. Isaza kwa upande wake anadanganywa, anavutwa, anapotezwa. Mtu akifupisha kisa hiki kwa Kiswahili atashawishika kuandika kwamba Nyamata "aliachika", kwa kuwa ndilo neno lililo karibu na ulimi anapotajwa mke aliyerudi kwao. Neno hilo litakuwa limekosea kisa kizima. Nyamata hakuachika, wala hakuachwa. Aliacha. Na kwa kuacha, aliondoka na mimba, yaani na mustakabali wa ufalme.

Inaweza kudaiwa kwamba Nyamata ni chombo tu cha kisasi cha baba yake. Dai hili lina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba alitumwa. Ila alichotumwa kukitafuta, yaani udhaifu wa Isaza, kisingepatikana kwa mtu ambaye hakukaribia kupendwa. Mpelelezi hapimi upendo kwa kulinganisha nafasi yake na ya ng'ombe. Mke ndiye hupima hivyo. Kisa kinaziacha nafsi hizo mbili, ya mtumwa wa baba na ya mke aliyevunjika moyo, zikae ndani ya mtu mmoja, wala hakitusaidii kuzitenganisha. Huo ndio ukomavu wake.

4.0 Isimbwa na Nyinamwiru: Mkataba Unaotimia

Kizazi kinachofuata kinaonekana kuwa kisa kipya, lakini ni jibu la kile cha kwanza. Bukuku, aliyetwaa kiti, anaonywa na waaguzi kwamba mjukuu wake kwa binti yake ndiye atakayemuua. Anamfungia binti huyo, Nyinamwiru, na kumlemaza ili asitamaniwe. Isimbwa, mwana wa Isaza na Nyamata, anatoka kuzimu akiwinda, anamfikia binti huyo kwa siri kwa msaada wa mtumishi wake, na kuzaa naye. Mtoto anatupwa mtoni, anaokolewa na mfinyanzi aitwaye Rubumbi, na kulelewa naye. Akikua anamuua Bukuku na kutawala kwa jina la Ndahura, wa kwanza wa wafalme Wachwezi.

Mtoto anayeokolewa majini na unabii unaotimizwa na juhudi za kuukwepa ni mambo yanayojulikana katika ngano za mataifa mengi. Kisichojulikana sana ni hesabu ya damu iliyomo humu. Udugu wa Nyamiyonga na Isaza ulikuwa wa uongo kwa sababu damu iliyochanjwa ilikuwa ya Bukuku. Sasa tazama damu ya Ndahura. Kwa upande wa baba yeye ni mjukuu wa Isaza na wa Nyamata, hivyo ni kitukuu cha Nyamiyonga. Kwa upande wa mama ni mjukuu wa Bukuku. Damu tatu zilizohusika katika mkataba ule wa hila, ya aliyeuomba, ya aliyeukwepa na ya aliyesimama badala yake, zimekutana katika mwili mmoja. Kilichokwepwa katika sherehe kimetimia katika uzazi. Mkataba wa damu ulidanganywa mara moja, na ukajilipa wenyewe kwa vizazi viwili.

Majina yanaunga mkono usomaji huu. Nyinamwiru ni "mama wa mwiru", na mwiru katika jamii hizi ni mtu asiye wa tabaka la wafugaji, mara nyingi mkulima. Nyamiyonga alikasirika kwa kuwa damu yake iliguswa na ya mwiru. Mjukuu wake mwenyewe ndiye anayekwenda kwa hiari yake kumpenda binti wa mwiru huyo, tena akiwa amelemazwa. Rubumbi, mlezi wa mtoto, anabeba katika jina lake kitenzi cha kufinyanga, kile kile kilichozaa "kubumba" katika Kiswahili: mfalme mpya anafinyangwa katika nyumba ya fundi. Kwa hiyo kisakale ambacho jumba la kifalme lilikihifadhi ili kuthibitisha utukufu wa damu kinathibitisha pia kwamba damu hiyo haikuwahi kuwa ya tabaka moja.

Na upendo? Penzi la Isimbwa na Nyinamwiru ndilo pekee katika mfululizo huu linaloelekezwa kwa mtu kwa ajili ya mtu huyo. Hana mahari ya kutoa, hana uzuri uliosalia, wala hana baba anayetaka mkwe. Lakini halifikii ndoa. Isimbwa anakuja na kuondoka. Hivyo katika kizazi cha kwanza kuna ndoa isiyo na upendo, na katika cha pili kuna upendo usio na ndoa. Visakale hivi havikujaliwa kisa ambamo viwili hivyo vinakaa nyumba moja.

5.0 Kutoka kwa Mke hadi kwa Deni: Sura ya Kagera

Tunapovuka Mto Kagera kuelekea kusini, mkazo unabadilika. Katika masimulizi ya Wahaya, Wamara na wenzake wanashuka kuzimu kwa Kintu. Wanapewa ng'ombe na neema nyingine, na Wamara anatakiwa kurudisha shukrani. Anasahau. Kintu anamtuma Kifo adai kilicho chake, na enzi ya Wamara inaisha. Hapa hakuna bibi harusi.

Tukiziweka sura hizi mbili pamoja, tunaona kwamba nafasi ya Nyamata katika sura ya kaskazini inachukuliwa na zawadi zisizolipwa katika sura ya kusini. Kuzimu hutoa, mfalme hupokea, mfalme hajali, kuzimu hutwaa. Ulinganifu huu unatufundisha maana ya ndoa katika kisa cha Isaza: mke ni zawadi inayodai jibu, na jibu lenyewe ni kumtambua. Kusahau kushukuru na kumpenda ng'ombe kuliko mke ni kosa moja lililosemwa kwa njia mbili.

Hata hivyo, njia hizo mbili si sawa kifasihi. Deni halina macho. Kintu anajua kwamba hakulipwa kwa sababu muda umepita. Nyamata anajua kwa sababu alikuwapo. Pale ambapo mke anaondolewa katika kisa, mantiki ya kisa inasalia lakini shahidi wake anatoweka. Ndiyo maana uhakiki unaotafuta muundo tu unaweza kuridhika na sura yoyote, ilhali uhakiki unaojali nafsi za wahusika hauwezi.

Mwanamke mwingine anarudi mwishoni mwa mfululizo. Katika masimulizi ya Nkore, Ruhinda, mwasisi wa koo tawala za Wahinda, ni mwana wa Wamara kwa Njunaki, kijakazi wake. Wachwezi wanapotoweka, Njunaki na mwanawe wanabaki. Katika Karagwe, Ruhinda ndiye aliyetwaa utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Wasiita, na kizazi chake ndicho John Hanning Speke alichokikuta mwaka 1861 kikitawala chini ya Rumanyika. Ufalme wa Karagwe, kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu hii, unatokana na mwanamke aliyeachwa nyuma. Miungu iliondoka, na kijakazi akabaki na mtoto.

Kabla ya kuondoka huko kuna tukio linalostahili kutajwa. Mugenyi, mmoja wa Wachwezi, aliapa kwamba ng'ombe wake Bihogo akifa, naye atakufa. Bihogo akafa. Jamaa zake wakamzuia asijiue, na baadaye mwanamke wa ukoo wake akamsuta kwa kutotimiza kiapo. Kiapo cha kufa pamoja, ambacho katika hekaya za Ulaya na Uajemi ni taji la wapenzi, hapa kinatolewa kwa ng'ombe, na mwanamke ndiye anayekipima na kukikuta pungufu. Aliyosema fumbo la ndama mwanzoni yamefikia tamati yake.

6.0 Ulinganishi

Katika kisa cha Tristan, mfalme Mark anamtuma mpwawe amletee bibi harusi, na mwakilishi ndiye anayependwa. Katika kisa cha Isaza, mfalme anamtuma mlinzi wa lango afunge udugu, na mwakilishi ndiye anayerithi kiti. Visa vyote viwili vinafahamu hatari moja: uhusiano wa damu au wa kitanda haukubali wakala. Tofauti ni kwamba hekaya ya Ulaya inalaumu kinywaji cha mapenzi kilichonywewa kwa bahati mbaya, na hivyo inawasamehe wapenzi. Kisakale cha Wachwezi hakina kinywaji. Isaza hakulogwa. Aliogopa, kisha akapuuza.

Majnun naye alimkosa Layla kwa kuwa alipenda kupita kiasi na jamii ikamnyima. Isaza alimkosa Nyamata akiwa amepewa. Kupoteza kwa Majnun kunazaa mashairi. Kupoteza kwa Isaza kunazaa historia.

Ulinganishi wa karibu zaidi uko katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Katika utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913, Wagala wanatamani mbegu ya shujaa, naye anaozwa kwao. Ndoa hiyo inamzaa mwana atakayemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, akiwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Ndoa ya kwanza ilitafuta mbegu, ya pili ilikuwa bei ya mauaji. Kama ilivyo kwa Nyamata, mke Mgala ni njia ya mimba, na mwana aliyezaliwa ndiye anayekuja na malipo. Lakini utenzi haumpi mke huyo nafasi ya kupima upendo wa Liyongo. Kisakale cha Nyamata, pamoja na mchujo wote wa matini zake, kinampa.

Jibu kwa Isaza tunalipata upande wa pili wa ziwa, katika riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyokamilishwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Bugonoka anarudishwa kwao kwa sababu ndugu za mume wanamsimanga kwa utasa. Myombekere hageukii zizi. Anakwenda ukweni, anajishusha, anakubali kutozwa pombe ya ndizi, anaihangaikia hadi inapatikana, na anamrejesha mkewe. Kitereza alikuwa anaandika kutoka ndani ya utamaduni wa Maziwa Makuu, na alionesha kwamba mke aliyekwenda kwao hufuatwa. Isaza alifuata ng'ombe hadi kuzimu, kwenye nyumba ile ile alikokuwa mkewe, na hakuenda kwa ajili yake. Umbali aliotembea ni ule ule ambao mume mwema angeutembea. Tofauti ni alichokuwa anakifuata.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba ndoa katika visakale vya Wachwezi si gundi ya nasaba. Ni mahali ambapo mfalme anapimwa na kupungua. Uchambuzi wa majina umeonesha kinaya ambacho tafsiri huficha, uchambuzi wa kauli za vitenzi umeonesha kwamba mwanamke anayedhaniwa kuachwa ndiye mtendaji, na hesabu ya damu ya Ndahura imeonesha kwamba mkataba uliokwepwa unatimia katika mtoto wa penzi lisilo na ndoa. Usomaji wa kihistoria haujabatilishwa kwa hoja hizi. Umeombwa tu ueleze kwa nini nasaba tukufu ilijengwa juu ya aibu.

Jambo moja la kivitendo linafuata. Visa hivi vinafundishwa kwa Kiswahili katika madarasa ambamo baadhi ya wanafunzi ni Wanyambo, Wahaya au Wakerewe, na mara nyingi vinafupishwa hadi kubaki orodha ya wafalme. Tukifupisha hivyo, tunarudia kosa la Isaza: tunaigeukia ng'ombe ya nasaba na kumwacha Nyamata amekaa. Mwanafunzi wa Bugomora anayejua maana ya amata ana ufunguo ambao mwalimu wake anaweza kuwa hana. Aulizwe kwanza jina hilo linamwambia nini, kabla ya kuambiwa nani alimrithi nani.